KISITIRI CHA MBAO: KUFICHA BILA KUDANGANYA

Tumeombwa kuandika somo juu ya kazi ya mikono. Sisi makapita wa darasa la mwisho tumechagua kazi tuliyoifanya wenyewe mwaka huu wa masomo, tukaikosa mara mbili, na mara ya tatu ikasimama. Ni kazi ya kutengeneza kisitiri cha mbao. Wengine wanakiita paravan. Ni ukuta mwepesi wa mbao unaosimamishwa inje ya nyumba kwa kuficha kitu kisichopendeza macho: mlango wa choo, pipa la takataka, fungu la makala, mashini ya umeme.

Mutu anaweza kusema: hiyo ni kazi ya watu wenye mali wanaotaka lupango yao ionekane nzuri. Sisi pia tulifikiri hivyo. Soma kwanza mpaka mwisho, kisha useme.

1. KWA NINI TULIANZA

Wote munajua mahali vyoo vya wasichana vinasimama. Milango miwili inatazama kiwanja cha mupira na baraza la madarasa. Wakati wa mapumziko wavulana wako kiwanjani, walimu wako barazani, na kila msichana anayeingia chooni anaonekana na watu wote. Kwetu wavulana jambo hilo halikuwa kitu. Tulipita pale miaka mingi bila kuliona.

Mwezi wa kumi Mama mwalimu anayesimamia wasichana alituita, akatuuliza: "Ninyi makapita, wakati wa mapumziko munaona wasichana wangapi wanaenda chooni?" Tukajibu: "Mama, hatujahesabu." Akasema: "Basi muhesabu wiki moja."

Tulihesabu. Siku nyingine walikuwa wawili ao watatu tu, na siku moja hakukuwa hata mmoja. Mama akatueleza: wadogo wa mwaka wa kwanza wanangojea mpaka kufika nyumbani. Wengine hawanywi maji asubuhi, kusudi wasisikie haja. Na kuna siku ambazo msichana mkubwa anaona ni heri abaki nyumbani kabisa. Tulinyamaza. Hatukuwa na neno la kujibu.

Ndiyo sababu kazi yetu haikuanza kwa kutafuta urembo. Ilianza kwa hesabu ile.

2. MAKOSA YETU MAWILI

Kosa la kwanza. Tulikusanya mbao za mabenchi ya zamani, tukazigonga moja karibu na nyingine bila nafasi hata kidogo. Tulisema, tukifunga kabisa, hakuna atakayeona. Nguzo tulizitia katika udongo sm 30 tu. Wiki mbili zilipopita, mvua yenye upepo ilikuja usiku. Asubuhi tulikuta kisitiri kimelala chini, nguzo zimengoka. Tunamshukuru Mungu kwamba hakukuwa mtu pale.

Fundi seremala wa misheni alikuja kutazama. Alicheka kidogo, akasema: "Watoto wangu, upepo si adui yenu. Muuachie njia, utapita." Akatuonyesha hesabu ambayo tulikuwa tumeisoma darasani bila kuifikiri. Ukuta wa urefu wa m 3 na kimo cha m 1,80 ni m² 5,40. Ukiwa umefungwa kabisa, unapokea upepo wote sawa tanga la mashua. Tena nguvu ya upepo haiongezeki polepole: upepo ukienda mbio mara 2, unasukuma mara 4. Ukienda mbio mara 3, unasukuma mara 9. Kwa hiyo kisitiri kinachosimama vizuri katika upepo wa kila siku kinaweza kuanguka siku moja ya dhoruba.

Kosa la pili. Tulipanga upya mbao nyembamba, tukaacha nafasi ya sm 2 na nusu katikati ya kila ubao. Upepo ulipita vizuri. Tulifurahi, tukamwita Mama mwalimu aje kupongeza. Lakini mdogo mmoja wa mwaka wa kwanza alisimama nyuma ya kisitiri, akasema kwa sauti ndogo: "Ya kaka, hapa niko, ninawaona benye kucheza mupira. Kama minabaona, nabo banaweza kuniona." Tulikwenda kutazama. Ilikuwa kweli kabisa. Sisi tulijenga siku tano, na hatukumwuliza hata msichana mmoja asimame pale kwanza.

Somo la kwanza basi ni hili: kabla ya kupima mbao, muulize yule ambaye kitu kinajengwa kwa ajili yake.

3. KUPIMA MACHO KWA UZI

Kisitiri hakipimwi kwa kukisia. Kinapimwa kwa njia ya macho. Macho yanakwenda kwa mstari ulionyoka, na uzi uliovutwa ni mstari ulionyoka. Kwa hiyo uzi unatosha.

Mwanafunzi mmoja anasimama mahali watu wanatazamia, anashika uzi karibu na jicho lake. Mwingine anashika ncha nyingine ya uzi kwenye ukingo wa mlango unaotaka kufichwa. Wa tatu anapanda kijiti pale uzi unapokata mstari wa kisitiri. Mufanye hivyo kutoka kila mahali watu wanaposimama, siyo kutoka mbele tu. Sisi tulipovuta uzi kutoka pembe ya kiwanja, upande wa kushoto, tuliona uzi unapita kando ya kisitiri bila kukigusa. Tukafahamu kwamba uso wa mbele peke yake hautoshi. Tuliongeza bawa moja upande wa kushoto linalofika mpaka ukuta wa choo, na njia ya kuingia ikabaki upande wa kuume, kwenye migomba, ambako watu hawapiti.

Kwa kimo tulitumia theoremu ya Thalès. Msiikimbie, ni rahisi. Baraza la madarasa ni la juu. Jicho la mtu anayesimama pale liko m 2,10 juu ya udongo wa choo. Kutoka pale mpaka milangoni ni m 12. Kisitiri kiko m 1,20 mbele ya mlango. Msichana mwenye kimo cha m 1,60 anasimama mlangoni. Tofauti ya jicho na kichwa ni sm 50. Kisitiri kiko katika sehemu ya kumi ya njia (1,20 kwa 12), basi tunachukua sehemu ya kumi ya sm 50, ni sm 5. Tukiongeza juu ya m 1,60 tunapata m 1,65. Kwa msichana wa m 1,70 hesabu hiyohiyo inaleta m 1,74. Tulichagua m 1,80, kusudi hata warefu wasitirike.

4. MBAO ZINAZOPISHANA

Je, upepo utapita namna gani bila macho kupita? Fundi alituonyesha dawa yake. Mbao zinagongwa pande mbili za miti ya kulala, ile mafundi wanaita travesi. Upande wa mbele tunaacha nafasi. Upande wa nyuma, ubao mwingine unafunika ile nafasi. Upepo unazunguka katikati, lakini jicho linagonga ubao.

Ubao wa nyuma uzidi ile nafasi kiasi gani? Kanuni ni hii: uzidi kila upande kwa kipimo kilekile cha unene wa travesi. Travesi ikiwa ya sm 4, ubao wa nyuma uzidi sm 4 kuume na sm 4 kushoto. Hapo hata yule anayetazama kwa pembe ya digri 45 hataona kitu. Kwa hiyo tulichukua mbao za upana wa sm 12 na nafasi za sm 4: nafasi 4, na 4, na 4, ni 12.

Vipimo vya uso wa mbele ni hivi:
- Nguzo 3 za sm 10 kwa sm 10, urefu m 2,40. Sm 60 zinaingia katika udongo, yaani robo ya nguzo.
- Kati ya nguzo na nguzo m 1,40. Uso wote unakuwa m 3,10.
- Travesi 6, tatu kwa kila sehemu: chini, katikati na juu. Kila moja ina m 1,46, kwa maana kila ncha ina ulimi wa sm 3 unaoingia katika tundu la nguzo.
- Mbao za unene wa sm 2 na urefu wa m 1,65. Kwa kila sehemu 9 mbele na 8 nyuma. Jumla ni 34.
- Misumari ya sm 5: miwili kwa kila travesi, basi 6 kwa kila ubao, jumla 204. Muongeze kidogo kwa ile inayopinda.

Mujaribu hesabu ninyi wenyewe: mbao 9 za sm 12 ni sm 108, nafasi 8 za sm 4 ni sm 32, jumla sm 140. Inafika sawasawa. Bawa la kando linafuata kanuni ileile.

5. MTI, MAJI NA MCHWA

Mti wa kalitusi unapatikana kwetu kwa urahisi, lakini ukiwa mbichi unapinda na kupasuka. Muuache ukauke kwanza kivulini, mbao zikipangwa juu ya vijiti ili hewa ipite. Tena mutoboe tundu dogo kabla ya kugonga msumari, zaidi sana karibu na ncha ya ubao. Mbao za sipre ao gerevilia zinakubali msumari kwa upole zaidi.

Nguzo inaoza zaidi pale udongo na hewa vinapokutana. Kwa hiyo, chini ya shimo mutie mawe madogo ili maji yashuke. Mukitia simenti, muinue kidogo juu ya udongo na kuiteremsha pande zote, maji yasikae karibu na mti. Mbao zisiguse udongo: ziinuke sm 15. Nafasi hiyo inasaidia pia kuona njia za udongo ambazo mchwa unajenga juu ya nguzo. Kila wiki muzitazame na kuzibomoa. Watu wengi wanapaka nguzo mafuta ya motere yaliyotumika. Karibu na kisima ao bustani ya mboga musifanye hivyo, juu mafuta yale yanachafua udongo na maji.

Kusimamisha nguzo, uzi wenye jiwe unatosha. Ukining'inia sambamba na nguzo pande mbili, nguzo imenyoka.

6. UREMBO NI WETU PIA

Sasa tuseme juu ya urembo, juu kitu kinachofichwa kwa kitu kibaya kinafanya ubaya mara mbili. Watu wanafikiri urembo wa namna hii unatoka Ulaya. Hapana. Katika inchi yetu ya Kongo, huko Kasai, watu wa kabila la Bakuba wanajulikana dunia nzima kwa michoro ya mistari inayokatana na kufungana. Wanaume wanafuma nguo za mivumo ya rafia, wanawake wanazitarizi. Kuta za nyumba zao za zamani zilifumwa sawa mikeka, zenye michoro ileile, na mji wa mfalme wao ni Mushenge. Yaani mababu walikuwa wanajua kwamba hata ukuta unaotenga watu unapaswa kuwa na uso mzuri.

Mwalimu wa historia alitusimulia jambo ambalo mwanahistoria Jan Vansina aliliandika. Katika miaka ya 1920 wamisionari walimwonyesha mfalme wa Bakuba pikipiki. Wakafikiri atashangaa mashini. Lakini mfalme alitazama alama ambayo gurudumu liliacha katika mchanga. Aliona ni mchoro mpya, akaamuru unakiliwe, na mchoro ule ukapewa jina lake.

Wapenzi wa hesabu musikie hili. Mutu akichora mstari wa urembo unaorudia umbo moja mbele na mbele, kuna namna 7 tu za kurudia, wala haiwezekani kupata ya 8. Mwaka 1971 mtaalamu wa hesabu Donald Crowe alionyesha kwamba namna zote 7 ziko katika kazi za Bakuba. Na kwa michoro inayojaza uso mzima, ambayo ina namna 17, alikuta 12 kwao. Watu hao hawakusoma jeometri ya vitabu vyetu. Waliisoma kwa vidole.

Sisi tulichukua urembo mdogo usiohitaji mbao nyingine. Ncha ya juu ya kila ubao wa mbele tuliikata mshazari, ikateremka sm 4. Ubao wa kwanza unateremka kuume, wa pili kushoto, wa tatu kuume, hivyo mpaka mwisho. Ikatokea mstari wa meno, kupanda na kushuka, ambao ukiweka kioo katikati ya jino unaona upande mmoja ni sawa na wa pili. Ukizikata zote kuelekea upande mmoja, unapata meno ya msumeno, na kioo hakipatani tena. Ubao ni uleule, lakini mchoro ni mwingine. Tena ncha ya mshazari inamwaga maji ya mvua. Sehemu ya chini kabisa ya meno ni m 1,76, bado inapita m 1,74 ya hesabu yetu.

7. KILA KITU NA KISITIRI CHAKE

Nyumbani muko na vitu vingine vya kuficha, lakini musitumie kisitiri kimoja kwa vyote.

Kwa pipa la maji ao fungu la makala, hapahitaji siri kubwa. Vijiti vya sm 4 vyenye nafasi za sm 4 vinatosha, mstari mmoja ukilala mshazari kuume, wa pili juu yake mshazari kushoto. Kila mstari unaacha nusu wazi, na nusu ya nusu ni robo. Basi robo tatu zimefunikwa, na mmea wa kutambaa unaweza kupanda juu yake.

Kwa mashini ya umeme muwe na hofu. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, inayoua watu usingizini. Musiifungie kamwe katika chumba ao katika kisitiri kilichofungwa pande zote. Iwe mbali na nyumba m 6 ao zaidi, moshi uelekee mbali na madirisha, na kisitiri kiwe upande mmoja tu, mbali na mashini.

Kwa shimo la takataka, kisitiri ni kazi ya mwisho, siyo ya kwanza. Kwanza mutenge, muzike, mufunike.

8. KOSA LA TATU

Tulisema tulikosa mara mbili. Kweli ni mara tatu, na la tatu si la mbao.

Kisitiri cha tatu kilisimama vizuri. Wasichana wenyewe walisimama nyuma yake, wakatazama kutoka kila upande, wakasema: sasa ni sawa. Lakini mwezi mmoja ulipopita Mama mwalimu alituita tena, akatupeleka nyuma ya kisitiri. Kulikuwa majani, karatasi na maji machafu. Zamani, wageni walipopita, kila mtu aliona choo, basi sisi makapita tuliogopa aibu na zamu ya kusafisha ilifuatwa. Sasa hakuna aliyeona, na zamu ikalala. Mama hakutugombeza sana. Alisema tu: "Mulijenga kwa ajili ya wasichana ao kwa ajili ya wageni?"

Hapo tulifahamu neno lote la kazi hii. Kisitiri kinasitiri mtu. Hakikuwekwa kwa kusitiri uchafu wala uvivu wetu. Ukuta mzuri wenye uchafu nyuma yake ni sawa na kaburi lililopakwa rangi nyeupe.

Tangu siku ile karatasi ya zamu haitundikwi tena barazani. Wasichana wanaitundika upande wa ndani wa kisitiri, na wao ndio wanatia alama kama kazi imefanyika. Ndani tuliweka pia pipa lenye kirobinet, na sabuni. Wiki iliyopita tulimwomba Mama ruhusa ya kuhesabu tena. Akasema: "Hapana, hiyo sasa si kazi yenu. Nimehesabu mimi." Akacheka. Hakutuambia ni wangapi, na hatukuuliza. Lakini yule mdogo wa mwaka wa kwanza tunamwona kila asubuhi na chupa yake ya maji, anakunywa.

9. KAZI INAYOBAKI

Ndugu wanafunzi, sisi tunaelekea egzamen ya Leta, kisha tutaondoka. Kisitiri kitabaki mikononi mwenu. Mambo matatu tunawaachia: mutazame nguzo kila wiki kwa ajili ya mchwa, mugonge tena misumari inayolegea kila mara baada ya mvua kubwa, na musiache zamu ilale.

Salongo ya siku ya sita ijayo itakuwa kwenye shimo la takataka nyuma ya jiko. Saa moja asubuhi, kila mtu na chombo chake: jembe, kitiyo ao kikapu. Tutaanza kwa kusafisha. Mbao zitafuata.

Aliye na swali ao na hesabu nzuri kupita yetu, aandike kwa gazeti hili.

Kapita wa wanafunzi, pamoja na kundi la kazi ya mikono, darasa la mwisho